Mtoto wa kike au wa kiume: nani anayeamua?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaleta somo ambalo wengi wanalionea haya: via vya uzazi.

Kwetu mambo haya yalikuwa na wenyewe. Bibi au shangazi alimwita binti pembeni akamweleza. Hapa Buganda pia kazi hiyo ni ya ssenga, yaani dada wa baba, na mpaka leo kuna wanaofanya kazi ya ussenga hata redioni. Lakini sisi tulipokimbia, bibi wengine walibaki, na shangazi wengine hatujui wako wapi. Shule nazo zinasita. Mwaka 2016 serikali ya Uganda ilisimamisha masomo ya namna hii mashuleni, na mwongozo mpya ulipotoka 2018 viongozi wa dini waliupinga sana. Basi mtoto amuulize nani? Anauliza wenzake, na wenzake pia hawajui.

Katika darasa letu tuna boksi la maswali, unaandika bila jina. Swali moja linarudi kila mara: baba anagombana na mama, eti anazaa wasichana tu. Wengine wanatishiwa kuletewa mke wa pili. Tuanze na hilo, kwani jibu lake linatupitisha katika mwili mzima.

Ndani ya tumbo la mwanamke, chini ya kitovu, kuna mfuko wa uzazi. Kama hana mimba, ni mdogo kama ngumi, na umbo lake ni kama ovakado ndogo iliyogeuzwa kichwa chini. Ile shingo nyembamba ya chini ndiyo mlango wa kizazi, unaofungukia ukeni. Juu, kulia na kushoto, kuna mirija miwili yenye urefu wa kama sentimita 10, na karibu na mwisho wa kila mrija kuna kifuko cha mayai, yaani ovari. Msichana anazaliwa na mayai yake yote tayari, zaidi ya milioni moja. Maana yake, yai lililokuwa wewe lilikuwepo tayari wakati bibi yako ana mimba ya mama yako! Katika maisha yote, yanayopevuka na kutoka ni kama 400 tu.

Nje, wengi wanashangaa kusikia kwamba matundu ni matatu: la mkojo, la uke, na la haja kubwa. Mkojo wa mwanamke hautoki ukeni. Hata wamama wenye watoto watano wametuambia hawakujua.

Kwa mwanaume, korodani mbili zinaning'inia nje kwa sababu mbegu zinataka baridi kidogo kuliko joto la mwili, ambalo ni nyuzi 37. Mbegu moja inachukua kama siku 70 kutengenezwa na kukomaa. Zinapita katika mirija, zinachanganyika na majimaji ya tezi dume na tezi nyingine, halafu zinatoka kwa uume, njia ileile ya mkojo ila si kwa wakati mmoja. Kwa mara moja zinaweza kutoka milioni mia na zaidi.

Sasa, karibu kila mwezi yai moja linatoka na kuingia kwenye mrija. Linaishi siku moja tu. Mbegu zinaweza kuishi ndani ya mwanamke mpaka siku 5. Zikikutana mrijani, mbegu moja tu inaingia ndani ya yai, na hapo hapo jambo la mvulana au msichana limekwisha kuamuliwa. Ndani ya kila yai la mama kuna kromosomu inayoitwa X, hakuna nyingine. Mbegu za baba ni za aina mbili: karibu nusu zina X na nusu zina Y. Ikiingia ya X, ni msichana. Ikiingia ya Y, ni mvulana. Mwaka 1905 mtafiti mwanamke wa Marekani, Nettie Stevens, alilionyesha jambo hili kwa kuchunguza mbegu za mdudu mdogo wa unga.

Kwa hiyo mama hana hiyo Y ya kutoa, hata akinywa dawa gani, hata akiombewa wapi. Baba naye hachagui mbegu ipi itangulie. Basi mnagombania nini?

Ni hivyo hivyo kwa ndoa isiyopata mtoto. Kwetu neno "tasa" linatupiwa mwanamke tu. Lakini madaktari wanakuta kwamba karibu nusu ya kesi hizo mume naye ana sehemu yake. Kisonono na klamidia zisipotibiwa zinaziba mirija ya wote wawili. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke, kwa hiyo mume aende naye, tena mapema.

Yai lisipokutana na mbegu, ule utando wa damu uliotandikwa ndani ya mfuko unabomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Si uchafu wala ugonjwa, na haiharibu maziwa wala chakula unachopika. Mzunguko wa siku 21 mpaka 35 ni wa kawaida kwa mtu mzima. Kwa msichana anayeanza unaweza kuyumba. Akifika miaka 15 bila kuona mwezi, apelekwe kwa daktari. Shida kubwa hapa ni pesa za pedi. Miaka ya 2000 mwalimu wa Makerere, Dk. Moses Musaazi, alibuni MakaPads za mafunjo na karatasi, na wakimbizi wa Kyaka II walizitengeneza wenyewe.

Ule mlango wa kizazi unaweza kupata saratani, na kirusi cha HPV ndicho chanzo chake kikubwa. Tangu 2015 Uganda inachanja wasichana wa miaka 10 nchi nzima, bure. Muulize kwenye kituo cha afya cha serikali kilicho karibu.

Na ile ngozi ya ukeni wanayoiita bikira haimpimi mtu. Wengine wanazaliwa nayo ndogo sana, wengine inatanuka tu. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka vipimo vya ubikira vipigwe marufuku, kwa sababu havina msingi wa kisayansi.

Kwa wavulana tuna moja la haraka. Korodani ikianza kuuma ghafla, kwa nguvu, pengine na kutapika, inaweza kuwa imejisokota na damu haipiti. Isipofunguliwa ndani ya kama saa 6 inaweza kufa. Mvulana anaona haya, anajifunika blanketi ananyamaza. Mzazi, mpandishe boda usiku huohuo mwende hospitali, msingoje asubuhi.