Jumba la Michezo la Kampala ni Letu Pia

Sisi wakazi wa Busia na Malaba, tukitaka kutazama mchezo wa kuigiza katika jumba la taifa lililojengwa kwa kazi hiyo, twaona Kampala iko karibu kuliko Nairobi. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 200, ilhali Nairobi yapita 400. Ndiyo maana nikivuka mpaka aghalabu hupitia Jumba la Taifa la Uganda, na kabla ya kuingia husimama nje kwanza.

Nje ndiko kwenye uzuri wake. Lilifunguliwa mwaka wa 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru, na kuchorwa na Peatfield na Bodgener, wasanifu wale wale wa jengo la Bunge lililo jirani. Uso wake ni kimia cha saruji chenye matundu, mfano wa jamvi lililosimamishwa wima: upepo hupita, jua hupunguzwa ukali. Wanaojenga maghorofa ya vioo vitupu katika miji yetu wangekwenda kulitazama.

Kuta hizo zimeona makubwa. Mwaka wa 1977 Byron Kawadwa, mtunzi na kiongozi wa sanaa katika jumba hilo, alirejea kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos, ulikoonyeshwa mchezo wake, Oluyimba lwa Wankoko. Haukupita muda mrefu, watu wa Idi Amin wakamkamata na kumwua. Katika tamasha lilo hilo Kenya ilipeleka mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi. Ngũgĩ naye akatiwa kizuizini Desemba 31 mwaka uo huo, kufuatia mchezo mwingine ulioigizwa Kamĩrĩĩthũ, na mwaka wa 1982 ukumbi wa wanakijiji hao ukabomolewa. Mpaka huu wa vibali na mihuri haukuwatofautisha watawala katika kuliogopa jukwaa.

Katika miaka ya 2010 hofu iligeuka kuwa tamaa: ukazuka mpango wa kulibomoa jumba la Kampala ili pasimame mnara wa biashara. Wasanii walipinga, nami nawaunga mkono.

Na kwetu je? Februari 2018 marais wawili walizindua kituo cha pamoja cha forodha hapa Busia, na malori yakapata makao ya heshima. Vijana niliowatazama wakiigiza mjini humu walikuwa katika kumbi za kuazima, za kanisa na za shule. Rai yangu kwa wakuu wa kaunti ni nyepesi: wasanifu wao wapande basi la asubuhi hadi Kampala, wakakipime kile kimia cha saruji, kisha waturejeshee mchoro.