Mapacha wa Kiigbo: Zamani walitupwa porini, leo wanahitaji hospitali

Kwetu sisi mapacha wakizaliwa ni vigelegele, na majina mara nyingi yapo tayari: Hassan na Hussein. Kwa Waigbo wa kusini mashariki ya Nigeria, zamani, sehemu nyingi ilikuwa kinyume. Mapacha walikuwa mwiko. Walitiwa chunguni wakaachwa porini, na mama mtu akafukuzwa. Chinua Achebe, mwenyewe Muigbo, ameitaja mila hiyo katika riwaya yake ya 1958. Jirani yao, Calabar, mmishonari wa Kiskoti Mary Slessor alifika 1876 akawa anawaokota watoto hao na kuwalea, mpaka alipofariki 1915.

Hapa watu wengi huchanganya. Mji wa Igbo-Ora unaosifika kwa mapacha si wa Waigbo, ni wa Wayoruba, jimbo la Oyo. Duniani, katika uzazi 1,000, mapacha ni kama 12. Kwa Wayoruba wamehesabiwa zaidi ya 40, na wengi ni wa mayai mawili.

Kisa cha Waigbo kinachonigusa mimi ni cha Houston, Marekani. Desemba 1998, Nkem Chukwu, mzaliwa wa Nigeria, alijifungua watoto wanane: mmoja tarehe 8, saba tarehe 20. Alikuwa ametumia dawa za kusaidia uzazi. Alilazwa wiki kadhaa, kitanda kimeinamishwa kichwa chini, ili watoto wakae tumboni japo siku chache zaidi. Mdogo wao, Odera, alizaliwa na gramu 300 hivi, akafariki baada ya wiki moja. Saba waliobaki walipona.

Walipona kwa rehema za Mungu, na kwa sababu mashine na wataalamu walikuwepo. Mimba ya watoto wengi, hata wawili tu, huleta uchungu kabla ya wakati, watoto wenye uzito mdogo, presha na kuvuja damu kwa mama. Mwiko umekwisha, hatari hizo hazijakwisha.

Nasema haya kwa sababu hata huku Ghuba dada zetu wanatafuta watoto kwa dawa na kwa kupandikizwa. Hakuna ubaya. Lakini kabla ya kuanza, muulize daktari: utanipandikiza mayai mangapi? Na hospitali hii ina chumba cha watoto njiti? Asipokujibu vizuri, tafuta mwengine.