Bawabu Mmoja Atosha: Je, Kompyuta ya Nyumbani Yahitaji Antivairasi ya Kununua?

Mtu anunuapo kompyuta dukani, iwe mpya au iliyokwisha kutumika, aghalabu muuzaji humwuliza kama angependa kutiliwa antivairasi. Na mnunuzi, kwa kuwa habari za virusi zimekwisha kumtia hofu siku nyingi, hutoa fedha bila ya kudadisi anunua nini. Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini, kwanza kwa sababu fedha hiyo imepatikana kwa jasho, na pili kwa sababu mtu anayedhani kwamba amekwisha kununua salama huacha kujihadhari, na hapo ndipo hasara humfika.

Kirusi cha kompyuta si ugonjwa wala si hitilafu ya chombo, bali ni programu iliyoandikwa na mwanadamu kwa makusudi, yenye tabia ya kujinakili kutoka kompyuta moja hata nyingine pasipo idhini ya mwenyewe. Mwaka 1982 kijana wa Marekani aitwaye Rich Skrenta, mwenye umri wa miaka 15, aliandika kirusi cha Elk Cloner, kilichosambaa kwa disketi za kompyuta za Apple II. Na mwaka 1986 ndugu wawili wa mji wa Lahore, nchini Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, wakaandika Brain, kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za namna ya IBM PC, na ndani yake wakatia majina yao, anwani yao na nambari za simu. Watu wa zama zile hawakuona haja ya kujificha. Wa zama hizi hujificha sana, maana kazi yao imekuwa ni biashara ya haramu: huiba maneno ya siri na fedha za benki, au huyafunga mafaili ya mtu kwa maandishi ya fumbo kisha wakadai kikomboleo.

Antivairasi nayo hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kulilinganisha kila faili na orodha ya alama za virusi vilivyokwisha kujulikana, na kwa hiyo orodha isiyoongezwa kila siku hupitwa na wakati upesi. Ya pili ni kuangalia mwenendo: programu ikianza, mathalan, kubadili mamia ya mafaili kwa muda mfupi, hutiliwa shaka na kuzuiwa. Njia zote mbili zafaa, walakini hakuna iliyo kamili. Maana katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Marekani, Fred Cohen, alithibitisha kwa hoja za hesabu kwamba haiwezekani kuwepo programu itakayovitambua virusi vyote pasipo kukosea hata mara moja. Anayeuza kinga na kuahidi salama timilifu auza kitu kisichokuwapo.

Basi, je, kinga hiyo yahitajika? Yahitajika, lakini mwenye kompyuta ya siku hizi amekwisha kuwa nayo. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft imekuwa ikiitia antivairasi yake, Defender, ndani ya mfumo wenyewe bila ya malipo, na Windows 10 na Windows 11 zinayo vilevile. Kompyuta za Mac nazo zimekuwa na XProtect tangu mwaka 2009. Afunguaye sehemu iitwayo Windows Security ataiona hali ya kinga yake, na kama imezimwa ataiwasha mwenyewe.

Wako wasemao kuwa kinga mbili ni bora kuliko moja. Hawa wasahau kwamba antivairasi ni kama bawabu aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote: kwa kuwa aruhusiwa kufungua kila kitu, mwenye nyumba hana budi kumchagua kwa hadhari, wala hana haja ya kumwongeza kila apitaye njiani. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, nyingi zao za mashirika, hata safari za ndege zikavunjika. Wala hapakuwa na kirusi. Mwaka huohuo, nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliituhumu kampuni ya Avast, mtengenezaji mashuhuri wa antivairasi, kwa kuuza habari za tovuti walizozitembelea wateja wake, na shauri likaisha kwa kampuni kutakiwa kulipa dola milioni 16.5.

Maadamu kinga ipo, mbona watu wangali wakidhurika? Tutazame flashi inayopelekwa kwenye duka la kuchapisha hati, mahali ambapo kompyuta moja hupokea flashi za watu wengi kutwa. Mwenyewe arudipo nyumbani huziona folda zake zote zimekuwa njia za mkato, kila moja ina kishale kidogo pembeni na uzito wa kilobaiti chache tu. Kirusi kimezificha folda za kweli na kuweka hizo badala yake. Abonyezaye mojawapo hukiendesha kirusi kwanza, kisha hufunguliwa folda yake ya haki, naye asitambue lolote. Kwa fadhaa wengi huifomati flashi hiyo na kupoteza kazi ya miezi, ilhali mafaili yote yalikuwamo, yamefichwa tu, na fundi mwenye maarifa angeyafichua kwa amri moja. Defender iliyo macho aghalabu hukikamata kirusi cha namna hii mara flashi inapofunguliwa. Lakini katika kompyuta nyingi huwa imezimwa.

Na mwenye kuizima mara nyingi ni mwenye kompyuta mwenyewe. Programu za kuvunja leseni, ambazo watu huzitumia ili wapate Windows au programu za ofisi bila ya kulipa, huja na maelekezo ya kuzima antivairasi kabla ya kuzifungua, na mtu huyatii. Hakuna kinga, iwe ya bure au ya thamani kubwa, iwezayo kumlinda mtu aliyeiondoa kwa mkono wake ili ampitishe mgeni asiyemjua. Ziko programu za ofisi zilizo huru na za halali, kama LibreOffice, ambazo humtosha mwanafunzi na mfanyabiashara mdogo.

Kosa jingine ni kudharau masasisho. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kasoro kubwa iliyokuwamo katika Windows. Wengi wakayaahirisha, na tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikaipitia kasoro ileile, kikasambaa katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Waliosasisha kwa wakati hawakuguswa kwa njia hiyo. Aidha, tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipati tena marekebisho ya kawaida, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa muda. Kwa hiyo mwenye kuitumia na apange mapema kuhamia mfumo mwingine, maana antivairasi haiwezi kushika nafasi ya marekebisho hayo.

Alhasili, mwenye kompyuta moja nyumbani, akiiacha Defender iwe macho, akasasisha kila aombwapo, akakataa programu za wizi, na asifungue kiambatisho cha barua pepe asichokitarajia hata kama jina la mpelekaji analijua, hana sababu ya kununua antivairasi nyingine. Fedha ambayo angeilipa kila mwaka na anunue kwayo diski ya nje, ayanakili humo mafaili yake kila juma, kisha aichomoe na kuiweka mbali; kwani kinga zote zikishindwa, nakala hiyo ndiyo itakayomwezesha kumnyima mwizi kikomboleo chake.