KUTAJWA KWA KAZI YA MTAFITI: FUNZO KWA MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Husemwa mara kwa mara kwamba mtafiti fulani wa tiba ni mashuhuri kwa sababu makala zake zimetajwa mara nyingi na wenziwe. Je, idadi hiyo hupatikanaje, nayo yaonyesha nini? Katika makala hii tutalieleza jambo hilo kwa mfano wa hapa nchini, kisha tutaonyesha namna lilivyofundishwa katika shule moja ya Kunduchi.

1. Maana ya kutajwa

Mtafiti amalizapo kazi yake huiandika na kuitoa katika jarida. Mwishoni huorodhesha kazi za wengine alizozitumia. Kila kazi iliyomo katika orodha hiyo huhesabiwa kuwa imetajwa mara moja. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza orodha hizo zikusanywe pamoja, ili msomaji aweze kujua makala fulani imetajwa baadaye na nani. Faharasa yake ilianza kutolewa katika miaka ya 1960.

Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alitoa kipimo kiitwacho h. Tuseme mtafiti ana makala tano, zilizotajwa mara 9, 6, 4, 2 na 1. Makala tatu zimetajwa angalau mara tatu kila moja, lakini hakuna makala nne zilizotajwa angalau mara nne. Basi kipimo chake ni 3. Mwenye makala moja tu hawezi kuzidi 1, hata kama makala hiyo imetajwa mara 1,000.

2. Makala kutoka Newala

Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea katika uwanda wa Makonde, wilayani Newala. Marion Robinson alieleza dalili zake, na W. H. R. Lumsden akaeleza jinsi ilivyoenea, katika makala mbili zilizotolewa mwaka 1955. Jina la ugonjwa, chikungunya, lilitoka kwa wenyeji wenyewe. Ni neno la Kimakonde, nalo lahusu kujikunja kwa mgonjwa kwa sababu ya maumivu.

Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu na Mombasa. Mwaka 2005 na 2006 ulifika Komoro, India na kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. Mwishoni mwa 2013 ukafika visiwa vya Karibi. Watafiti wa mabara mengi wakazirudia makala za Newala, zilizokwisha kuwa na umri wa miaka hamsini. Yaani kazi nzuri yaweza kungoja muda mrefu kabla ya kuhitajiwa.

Hata hivyo, baadhi ya waandishi walisema kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili, na wengine wakanakili hivyo hivyo, mpaka ikabidi wasahihishwe. Makala iliyorudia kosa hilo huku ikiwataja Robinson na Lumsden iliwaongezea hesabu sawasawa na makala iliyowasoma kwa makini.

3. Somo darasani

Tulipowatembelea walimu wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tulikuta darasa la sita limegawanywa katika makundi manne. Kila kundi lilihesabu viluwiluwi vya mbu katika mapipa, vifuu vya nazi na matairi yaliyozunguka shule, likaandika taarifa fupi, na kutaja kundi lolote ambalo lilitumia hesabu yake. Mwalimu aliandika ubaoni kila kundi limetajwa mara ngapi.

Kundi la kwanza lilitajwa na makundi yote matatu, na wanafunzi wakalipigia makofi. Mwalimu hakuishia hapo. Aliwaongoza wote kwenda kuhesabu upya. Ikaonekana kwamba kundi hilo lilikuwa limehesabu pipa moja mara mbili, na makundi mengine yalinakili tu. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa tumtaje nani?" Naye akajibu, "Mtajeni yule mliyemsoma, baada ya kuhakikisha."

Yafaa mwalimu asiwaaibishe waliokosea. Ni kwa sababu walitajwa kwa jina kwamba kosa liliweza kufuatwa hadi lilikoanzia. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kutaja.

4. Hitimisho

Hapana budi sisi walimu tuanze na nafsi zetu. Mwalimu mwanafunzi anakilipo maelezo ya mwenziwe ya miaka iliyopita katika andalio lake la somo, bila kufungua kitabu, hurithi makosa yake yote na kuyapeleka kwa watoto arobaini au zaidi. Tunapendekeza kila andalio liandikwe jina la kitabu na ukurasa uliotumika. Idadi hutuambia kazi imetajwa mara ngapi. Kama imesomwa, na kama ina ukweli, tutajua kwa kuifungua wenyewe.