Stelingi ya hadtopu imelegea: hela iende wapi kwanza

Usukani wa hadtopu lako unacheza mkononi kabla magurudumu hayajaitika? Au ukipiga shimo kwenye lami mbele kunaanza kutetema, na hakutulii mpaka ukaribie kusimama? Usiahirishe. Ila usikimbilie dukani pia. Kinachowamalizia hela wenye magari haya ni kununua spea ambayo haikuwa mbovu. Mimi nilifungiwa shokapu mpya ya stelingi kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani na ndiyo niliyoambiwa. Gari likatulia wiki tatu, tetemeko likarudi vilevile. Kumbe zilizokufa ni beringi za kingipini. Hela ya shokapu ikawa imekwenda, na ya beringi ilikuwa bado haijapatikana.

Ninayoizungumzia ni Land Cruiser ya familia ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, hasa zile za injini ya dizeli ya 1HZ, lita 4.2, iliyokuja mwaka 1990. Ndizo zinazobeba watalii mbugani, chanjo vijijini na magunia minadani. Ekseli yake ya mbele ni moja nzima, na kinachosukuma magurudumu ni fito mbili: moja inatoka kwenye boksi ya stelingi kwenda upande wa gurudumu, nyingine inaunganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Kila fito ina tairodi endi mbili, jumla nne. Ni mpangilio rahisi, na urahisi huo ndio nafuu yako, kwa sababu ubovu wake unaweza kuutafuta mwenyewe bila kulipia mashine.

Anza na vya bure. Pima upepo wa matairi, kaza nati za magurudumu, angalia kama kuna tairi lililovimba au lililolika upande mmoja. Kisha gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake, injini ikiunguruma kama lina pawa stelingi, mtu mmoja atikise usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto. Wewe lala chini ushike kila endi kwa vidole. Endi yenye pleyi utaisikia: fito inaanza kwenda, bola yake inachelewa. Tia chaki pale. Angalia pia kama boksi yenyewe haitembei kwenye chasisi. Bolti zilizolegea huko zinaiga ubovu wote wa stelingi, na dawa yake ni spana.

Halafu inua gurudumu la mbele kwa jeki, uliwekee stendi, ulishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Pleyi ikipotea, tatizo ni beringi za gurudumu, na mara nyingi hizo zinahitaji kukazwa upya na grisi tu. Pleyi ikibaki, ni kingipini. Jaribio hili la dakika tano linatenganisha kazi ndogo na kazi ya siku nzima.

Sasa twende sokoni. Tairodi endi zinakuja kwa madaraja matatu: za bei rahisi, ambazo mara nyingi kisanduku chake hakisemi imetengenezwa wapi, za viwanda vinavyotengeneza spea kwa kiwango kizuri bila nembo ya mwenye gari, na jenyuini zenye nembo ya mwenye gari. Hesabu ifuatayo naifanya kwa namba za mfano. Weka zako ulizotajiwa. Tuseme endi moja ya rahisi ni shilingi 40,000, ya kati 90,000, jenyuini 220,000. Fundi anataka 50,000 kufunga zote nne, alaimenti 30,000. Rahisi zitakutoka 240,000, za kati 440,000, jenyuini 960,000.

Ukiangalia hapo tu, rahisi imeshinda. Lakini ikilegea mapema ukalazimika kurudia, unalipa tena endi, tena fundi, tena alaimenti: 480,000. Umeshaipita ya kati, na gari umelilaza mara mbili. Jenyuini nayo, kwa bei hizo, inabidi idumu zaidi ya mara mbili ya ile ya kati ndipo ikulipe. Kwa gari la kila siku la rafu rodi, ushauri wangu ni daraja la kati, lenye chuchu ya kutilia grisi. Jenyuini inunue kama gari linakwenda mahali ambapo hakuna wa kukuvuta, au kama bei zilizopo mjini kwako zimekaribiana. Ya rahisi usiifunge kabisa kwenye fito hizi. Hapa hapana cha kubania: endi ikichomoka, gurudumu linafuata njia yake na wewe umebaki na usukani mkononi.

Namna ya kuichagua dukani: shika bola uizungushe. Iwe nzito, laini, bila kukwama na bila kulegea. Bonyeza mpira unaofunika bola, usiwe umekauka wala kupasuka, maana spea iliyokaa rafuni miaka mingi inaanza kufa kabla haijafungwa. Angalia meno. Kwenye fito moja, endi ya upande mmoja ina meno ya kawaida na ya upande wa pili ina meno ya kinyume, ili fito ikizungushwa irefuke au ifupike. Wanunuzi wengi hurudi nyumbani na mbili za upande mmoja. Kama duka halirudishi mali, umepoteza.

Nenda na namba ya chasisi, siyo jina la gari peke yake. Mwaka 1999 Toyota walitoa springi za vyuma bapa mbele wakaweka za koili, na mwaka 2007 sehemu ya mbele ikapanuliwa. "Ya hadtopu" haimwambii muuzaji kitu. Ukiweza, mpelekee na kipande kibovu chenyewe.

Gharama iliyojificha zaidi haimo kwenye kisanduku. Ni ile asilimia anayopewa fundi na duka analokupeleka. Ukizunguka Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kule Nairobi, spea ileile utatajiwa bei tofauti kutegemea umefuatana na nani. Sisemi umkwepe fundi. Jicho lake unalihitaji. Kaeni chini kabla ya safari: "Fundi, kazi yako ni shilingi ngapi, na kuja nami dukani ni shilingi ngapi?" Mlipe vizuri kwa vyote viwili, waziwazi, na bei ya spea ibaki bei ya spea. Kisha dai risiti. Anayekupunguzia kidogo ili asitoe risiti amejiondolea wajibu wa kukubadilishia spea ikigoma, na punguzo lenyewe halifikii hasara hiyo.

Ongeza na hivi vidogo ambavyo havimo kwenye bei uliyotajiwa: kotapini mpya, nati mpya kama ya zamani imelika, grisi, bodaboda ya kurudia kilichosahaulika. Na nyundo. Fundi akichomoa endi kwa kuipigapiga, mpira wa endi nzima ya jirani unaweza kuchanika, na vumbi likiingia humo hiyo nayo imekwisha. Muulize kama ana pula. Kama hana, kuna anayeazimisha.

Akikuambia endi ya zamani inaweza kujazwa kwa kuchomelea au kubanwa upya, kataa. Hiyo si nafuu ya aina yoyote.

Kingipini ni habari nyingine, na hapa hesabu inageuka: spea ni sehemu ndogo, kazi ndiyo kubwa. Kuzifikia lazima kushushwe gurudumu, kaliper ya breki, habu, na shafti itoke. Ukishafungua yote hayo, kubadilisha beringi mbili zilizolia ukaacha nyingine mbili ni kununua kazi ileile mara ya pili. Nunua kiti nzima kwa kila upande: beringi ya juu na ya chini, sili, gasketi na pamba zake. Sili ya ndani ikiwa imechoka, oili ya difu inavuja na kuichanganya grisi, na beringi mpya zitaanza kuogelea kwenye uji. Umeshawahi kuona ule uji mweusi ukichirizika kwenye mpira wa chuma nyuma ya gurudumu? Ndiyo habari yake hiyo.

Beringi iingie na bakuli lake jipya la nje. Bakuli la zamani lina vidonda vidogo mahali ambapo roli zimekuwa zikigonga kwa miaka, na beringi mpya itakaa humohumo kwenye vidonda. Halafu kuna visahani vyembamba vinavyoamua beringi zibanwe kiasi gani. Fundi anayeijua kazi hii hupima kwa mizani ya kuvuta, kama ile ya kupimia samaki: anaifunga kwenye mkono wa stelingi, anavuta, anasoma. Muulize kabla hujampa kazi. Anayesema anapima kwa mkono atakurudisha kwenye tetemeko, hata kama bei yake ni nusu.

Kwenye beringi hizi ningenunua za kiwanda cha beringi kinachojulikana, siyo lazima zenye nembo ya gari. Beringi ina namba iliyochongwa juu yake. Namba ikilingana na chuma kikiwa kizuri, nembo ya kisanduku haiongezi umri. Kuwa mwangalifu tu na feki zenye visanduku vizuri. Maandishi kwenye chuma yawe makali na yaliyonyooka, na bei isiwe chini sana kuliko ya maduka mengine matatu.

Shokapu ya stelingi nunua mwisho, na nunua ya bei ya wastani. Kazi yake ni kumeza mshtuko wa mawe. Haiponyi kitu kilicholegea, inakificha. Ukiwa na shokapu nene ya rangi kali na endi mbovu, unaendesha gari bovu ambalo limenyamaza. Gari zima lililofungwa vizuri linatakiwa liende sawa hata shokapu hiyo ikiwa imechoka.

Boksi ya stelingi ndiyo spea kubwa kuliko zote hapa, na ndiyo watu wanaitupa mapema. Kama inavuja tu, jaribu kiti ya sili kwanza. Hela yake haikaribii ya boksi. Ila mwambie fundi akuonyeshe shafti inakopita sili: ikiwa ina mfereji au kutu iliyokula, sili mpya haitadumu, na hapo uache. Kama inacheza, kuna skrubu juu yake ya kurekebishia. Kuikaza kidogo, gari likiwa limenyooka, inasaidia. Kuikaza mpaka pleyi yote iishe kunafanya usukani uwe mgumu katikati, usirudi wenyewe baada ya kona, na kunakula meno ya ndani. Oili yake nayo usiuziwe ya ajabu: pawa stelingi za Land Cruiser hizi hutumia ATF ya Dexron, inayopatikana karibu kila kituo kikubwa cha mafuta.

Boksi ikiwa imekufa kweli, mpya itakuumiza, kwa hiyo wengi tunakwenda kwenye mtumba. Hapo uliza swali moja kabla ya bei: imetoka kwenye gari la usukani wa upande gani? Spea nyingi za Land Cruiser hutufikia kutoka Uarabuni, Sharjah na Dubai, ambako usukani uko kushoto. Boksi ya huko haifai kwenye gari lako la usukani wa kulia, hata muuzaji aape. Iliyotoka Japani ndiyo unayoitaka. Ishike uizungushe kwa mkono toka mwisho hadi mwisho. Iende laini, na ikifika katikati isilegee. Andikianeni siku za kuijaribu ikiwa imefungwa. Mtumba usio na siku za majaribio ulinganishe na bei ya kiti ya sili na fundi mzuri, mara nyingi utaona bora kutengeneza ya kwako.

Kama gari lako ni la zamani zaidi, lisilo na pawa stelingi, utashawishiwa uifunge. Bei ya boksi utakayotajiwa ni mwanzo tu: kuna pampu, kishikilio chake kwenye injini, puli na mkanda, mipira ya presha, kopo la oili, na kiungo cha kuunganisha boksi mpya na mhimili wa usukani. Omba bei ya vyote, vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi moja. Kama hela yote haipo, usianze. Gari lililofunguliwa nusu linakaa gereji miezi. Usukani mzito wenye kingipini zilizobanwa vizuri na matairi yenye upepo unavumilika kuliko unavyodhani.

Alaimenti ya ekseli nzima hii ina kitu kimoja cha kurekebisha: jinsi magurudumu ya mbele yanavyoelekeana, kwa kurefusha au kufupisha fito. Ulalo mwingine umefungwa na ekseli yenyewe. Kwa hiyo ukitajiwa bei ya "alaimenti kamili ya magurudumu manne", omba ya mbele peke yake. Na kama gari la koili limeinuliwa likaanza kuyumbayumba kwenye lami, endi mpya hazitalinyoosha: kuinua kumeigeuza ekseli, na dawa yake ni bushi za kurekebishia pembe hiyo.

Mwenye hela ya kitu kimoja mwezi huu afunge endi zile zilizotiwa chaki, hata kama ni mbili kati ya nne. Endi zikiwa nzima na pleyi ya kingipini bado ipo, asubiri kukusanya hela ya kiti zote mbili, na katika kusubiri aende taratibu, asilitoe gari nje ya mji. Boksi inayovuja kidogo inaweza kungoja, mradi oili inaongezwa.

Baada ya siku chache za kuendesha, rudi chini ya gari uangalie kila nati na kotapini kwa macho yako. Na kama gari linakwenda sawa lakini usukani umekaa upande, usiruhusu uchomolewe na kurudishwa meno mengine. Boksi itakuwa haiko tena katikati yake, pale penye pleyi ndogo kuliko pote. Usukani unanyooshwa kwa kuzungusha ile fito inayotoka kwenye boksi, kazi ya spana mbili na robo saa, na haipaswi kutozwa zaidi ya hapo.