Picha Zetu Zisipangwe Upya Bila Sisi

Yeyote aliyewahi kusimama ufuoni Dunga, kusini mwa jiji la Kisumu, wakati wa alfajiri mashua zinaporejea kutoka ziwani, hakosi kuona kwamba ni nadra mashua kukosa jina ubavuni. Moja imepewa jina la mama mzazi, nyingine imeandikwa neno la Biblia, na nyingine jina la timu ya kandanda ya ng'ambo. Majina hayo si mapambo matupu. Kina mama wanaosubiri omena na mbuta huitambua mashua kwa jina lake, na likitokea la kutokea huko majini, jina ndilo huulizwa kwanza. Mashua iliyofutwa jina hubaki kuwa mbao zinazoelea.

Niliyakumbuka majina hayo siku wanafunzi wa chama chetu cha upigaji picha waliponijia wakiwa wamenuna. Kwa muda mrefu walikuwa wakipeleka picha zao katika mtandao mmoja wa kimataifa ambao siutaji hapa, kwa kuwa hoja yangu haiwahusu wenye mtandao huo peke yao. Chini ya kila picha walikuwa wameandika mahali ilipopigwa, tarehe, aina ya samaki au ya mtego, na jina la mhusika pale aliporuhusu litajwe. Wapigaji picha wa nchi nyingine waliwasahihisha na kuwatia moyo, nao wakafanya vivyo hivyo kwa wengine.

Asubuhi moja wakafungua na kukuta nyumba imegeuzwa. Picha zilikuwa zimetandazwa ukuta mzima, moja ikibanana na nyenzake. Maelezo yalikuwa yamefichwa nyuma ya alama ndogo ambayo mgeni hawezi kuikisia. Mazungumzo ya miaka yalikuwa yamesukumwa pembeni, na ukurasa wenyewe ulikuwa umekuwa mzito hata tarakilishi za shule zikachukua dakika nzima kuufungua. Mmoja wao aliniambia neno ambalo halijanitoka: "Mwalimu, picha zipo, lakini sisi hatumo."

Huenda msomaji akaona kwamba haya ni malalamiko ya vijana waliozoea vya bure. Nchi ina njaa, ina karo zisizolipika, na huyu mwalimu analilia mpangilio wa picha! Nakiri kwamba hata mimi nilianza kwa kuwatuliza tu. Lakini kila nilipoyatafakari maneno ya mwanafunzi yule, ndivyo nilivyozidi kuona kwamba jambo lenyewe ni zito kuliko nilivyodhani.

Hebu tuutazame mji wetu. Reli ilipofika hapa mwishoni mwa mwaka wa 1901, mahali hapa paliitwa Port Florence. Leo ni jiji, na sura yake haikomi kubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 gugumaji liliingia katika Ghuba ya Winam, na kufikia mwaka wa 1998 lilikuwa limetanda kiasi cha kuzifungia meli bandarini. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka ya Barabara ya Oginga Odinga yaliteketezwa. Mwishoni mwa miaka ya 2010, vibanda vya samaki vya Lwang'ni, ambavyo jina lake kwa Kijaluo maana yake ni nzi, vilibomolewa ili kupisha kazi za bandari na reli. Kijana anayezaliwa leo hatavijua vibanda hivyo ila kwa picha. Na picha ya moshi na meza za mbao, bila neno la kusema kwamba hapa ndipo Lwang'ni ilipokuwa, itamweleza nini? Atadhani ni popote, na popote ni sawa na pasipokuwa mahali.

Ndiyo maana nasema kwamba kuficha maelezo ya picha si suala la urembo. Ni sawa na kulifuta jina la mashua.

Wanafunzi wangu hawakuwa wa kwanza kuyaonja haya. Mwezi wa Februari 2004, kampuni ndogo ya Vancouver nchini Kanada ilianzisha mtandao wa Flickr, nao ukawa kwa miaka mingi baraza kuu la wapigaji picha duniani. Mwaka uliofuata Yahoo iliununua. Tarehe 20 Mei 2013, wamiliki hao waliugeuza kwa siku moja. Picha zilifanywa kubwa na kusongamanishwa, na majina yake yakawa hayaonekani mpaka mtu aiguse picha kwa kielekezi. Kila mwanachama aliahidiwa nafasi ya bure ya terabaiti 1, yaani nafasi ambayo wengi wasingeweza kuijaza maishani mwao.

Kwa hesabu ya dukani, hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Hata hivyo, maelfu ya wanachama waliandika kulalamika. Walisema kurasa zimekuwa nzito, hasa kwa mwenye tarakilishi kuukuu au intaneti dhaifu. Walisema kazi zao zimegeuzwa kuwa rangi za kupamba ukuta. Zaidi ya yote, walisema hawakuulizwa. Siku iyo hiyo, mkuu wa Yahoo, Marissa Mayer, alitamka maneno yaliyoeleweka kwamba siku hizi hakuna tena mpiga picha wa kitaaluma, na baadaye akalazimika kuomba radhi. Wanachama walikuwa wamepewa ghala kubwa wakati walichokuwa wakikitaka ni heshima.

Kosa la wamiliki lilikuwa la kutojua walichokinunua. Rafu zilikuwa zao, lakini vilivyojaa rafuni havikuwa vyao. Mwanachama ndiye aliyepiga picha, akaipa jina, akaitia katika kundi la picha za ndege au za mito, akajibu maswali ya wageni na kumfundisha anayeanza. Kazi hiyo hailipwi na wala haionekani katika vitabu vya hesabu, lakini ndiyo iliyoufanya mtandao huo uwe na thamani ya kununuliwa. Mali bila daftari, kama ajuavyo kila mwenye duka, hupotea bila kuibwa.

Haki inanitaka niutaje upande wa pili pia. Kuhifadhi picha kunahitaji mitambo, umeme na mishahara, na kitu cha bure hakikosi anayekilipia. Mnamo Aprili 2018 Flickr iliuzwa tena, safari hii kwa kampuni ya SmugMug, na mwezi wa Novemba mwaka huo ikatangazwa kwamba asiyelipa ada hataruhusiwa kuwa na zaidi ya picha 1,000. Ada yenyewe ilikuwa karibu dola 50 kwa mwaka. Zilizozidi zingefutwa kuanzia mapema mwaka wa 2019, ingawa zile zilizokwisha kutolewa kwa leseni ya matumizi huru zilisamehewa. Mwishoni mwa mwaka huo mmiliki mpya aliwaandikia wanachama akikiri kwamba mtandao ulikuwa bado unaleta hasara. Simlaumu mtu kwa kusema ukweli kuhusu mfuko wake. Nadhani hata ingefaa kusema hivyo mapema, badala ya kuwavuta watu kwa ahadi ya terabaiti nzima na kisha kuipunguza miaka mitano baadaye. Mgeni aliyeambiwa mapema kwamba chakula ni haba hula kidogo bila kinyongo.

Basi je, iko njia nyingine ya kuhifadhi picha za watu? Ipo, na mfano wake ninao karibu na nyumbani.

Mwaka wa 1936, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, E. E. Evans-Pritchard, aliwatembelea Waluo wa eneo hili na kupiga picha za watu, maboma na shughuli zao. Baadaye picha hizo ziliwekwa katika makavazi ya Pitt Rivers mjini Oxford, maili maelfu kutoka kwa waliomo ndani yake. Wajukuu wa waliopigwa picha hawakuwa na njia ya kuziona, wala Oxford haikuwa na njia ya kuwajua vyema watu hao. Kwa miaka mingi hali ilikuwa ni ile ile aliyoitaja mwanafunzi wangu: picha zipo, wenyewe hawamo.

Lakini mwaka wa 2007 nakala za picha hizo za kale zilirudishwa katika mkoa wa Nyanza wa wakati huo, katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kukumbuka ya kale, chini ya Christopher Morton wa makavazi hayo na mtafiti Gilbert Oteyo. Hazikuishia mjini kwenye ukumbi wa wasomi; zilipelekwa vijijini, karibu na jamaa za waliopigwa. Watu walizitazama, wakawatambua wazee wao, wakatoa habari ambazo hazikuwamo katika kumbukumbu za Ulaya. Msomaji atakubaliana nami kwamba makavazi yale hayakupoteza kitu kwa kuuliza. Yalifaidika, kwa sababu picha yenye jina na ukoo ina thamani kuliko picha ya mtu asiyejulikana.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Makavazi ya kale, yenye picha zilizokusanywa enzi za ukoloni, yaliona haja ya kuwafuata wenyewe na kuwasikiliza. Kampuni changa, zenye uwezo wa kumfikia kila mwanachama kwa dakika moja, hubomoa na kujenga usiku watu wamelala. Aliye mbali alipiga hodi, na aliye karibu akaingia bila kubisha.

Sisi Wakenya tunalo neno la kusema katika jambo hili. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 10, inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Tunajua kwamba mara nyingi mikutano ya kukusanya maoni hufanywa kwa kutimiza wajibu tu. Hata hivyo kanuni yenyewe imekwisha kukita mizizi: atakayeguswa na jambo asikilizwe kwanza. Halikadhalika, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kukabidhiwa data zake binafsi katika mpangilio wa kawaida unaosomeka kwa mashine, na inawahusu hata walio nje ya nchi wanaoshughulikia data za watu waliomo Kenya. Sidai kwamba kanuni na sheria hizi zitairudisha kila albamu mahali pake. Nadai tu kwamba kutaka kuulizwa si utovu wa shukrani.

Tungetaka nini, basi? Mambo matatu yangetosha. Kwanza, mabadiliko yatangazwe mapema na yajaribiwe na wanachama wenyewe, wakiwamo wa intaneti ya kusuasua. Pili, anayependa mpangilio wa zamani aachiwe njia ya kuutumia kwa muda. Tatu, maelezo ya picha yahesabiwe kuwa sehemu ya picha, yaonekane nayo na yahamishwe nayo mtu anapoamua kuhama.

Lakini nisiwaachie wageni mzigo wote, kwa maana nasi tumelala. Tumezoea kuamini kwamba kitu kikishapelekwa mtandaoni kimehifadhiwa. Mnamo Juni 2017, kampuni ya Photobucket ilidai karibu dola 400 kwa mwaka kwa waliokuwa wakizionyesha picha zao katika kurasa nyingine, na mara moja picha zisizohesabika zikatoweka katika kurasa hizo kote duniani. Mtandao ni ukuta wa kutundikia picha. Si sanduku la kuwekea urithi.

Kwa hiyo nimewaagiza wanafunzi wangu jambo ambalo nawaomba walimu wenzangu walifikirie. Kila picha ibaki na nakala yake ya asili katika sehemu mbili tofauti, mojawapo ikiwa hapa shuleni. Na kila picha iwe na mstari wake katika daftari la kawaida, la karatasi: nani, wapi, lini, na kwa ruhusa ya nani. Daftari likijaa, tutatoa nakala yake pamoja na picha teule na kuomba zipokewe katika Makavazi ya Kisumu, ambayo yamefungua milango tangu mwaka wa 1980. Kazi hiyo ni ya kuchosha, tena haina sifa za papo kwa papo kama zile za mtandaoni. Lakini hakuna atakayeamka asubuhi na kulifuta daftari letu kwa sababu amechoshwa na rangi yake.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Dunga na daftari mpya. Mwanafunzi yule alimwonyesha mvuvi mmoja mzee picha aliyompiga miezi kadhaa kabla. Mzee aliitazama kwa makini, kisha akauliza, "Umeandika jina langu?"

"Nimeandika, Jaduong'."

"Na la mashua?"

Kijana alikuwa amelisahau. Akaketi papo hapo juu ya jiwe, akafungua daftari, akaandika.