Mshirika Akidaiwa: Mdai Anafikia Hisa Yake, Si Mali ya Kampuni

 

Tuchukue mfano wa ndugu watatu wa Pujini waliosajili kampuni ya uvuvi yenye boti moja. Mmoja wao anadaiwa na mtu wa Chake Chake Sh. 3,000,000 alizokopa kujengea nyumba yake. Muda umepita, hajalipa. Je, mdai anaweza kwenda pwani akaichukua boti?

Hawezi. Boti ni ya kampuni. Mdaiwa anamiliki hisa tu, na akiichukua boti mdai atakuwa amewadhulumu wawili wasiomdaiwa kitu.

Hata hivyo, hisa nayo ni mali. Mdai afungue madai katika mahakama za kawaida, kwani Mahakama ya Kadhi kazi yake ni mambo kama ndoa, talaka na mirathi. Akishinda, anaweza kuomba hisa zikamatwe: mdaiwa azuiwe kuziuza na kupokea gawio, kisha ziuzwe ili deni lilipwe.

Wenzake wafanyeje asiingie mgeni? Katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, shuf'ah, yaani haki ya mshirika kutangulizwa kununua, inahusu ardhi na vilivyoshikamana nayo, haihusu boti. Basi waandike mapema katika katiba ya kampuni kuwa hisa ikiuzwa, wenzake watangulizwe kwa bei ya haki.

Ikiwa kampuni yenyewe ndiyo inayodaiwa, mdai huishia kwenye mali ya kampuni. Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, iliona hakuna ubaya kuwa na kampuni ya aina hii, kwa kuwa wanaoamiliana nayo wanalijua sharti hilo na hawakughuriwa. Lakini aliyejidhamini mwenyewe atalipa, na anayeficha mali nyuma ya jina la kampuni amefanya khiyana.

Mdaiwa mwenye dhiki ya kweli apewe muda, kama ilivyoamrishwa katika Suratul-Baqarah (2:280). Mwenye uwezo akichelewesha, hiyo ni dhulma. Akifariki, hisa zake zinaingia katika tirka, na deni hutangulia kabla ya warithi kugawana (An-Nisaa 4:11-12). Familia isiharakie kugawana hisa hali ya kuwa marehemu wao bado anadaiwa.

Wa Allaahu A'lam.